Pampu ya Grisi Iliyofungiwa Kabatini

Kaka yangu anaitwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyelipinga mapema, likamganda. Chuo cha ufundi alikaa miezi saba tu, akatoka na kalamu mbili mfukoni mwa shati na imani kwamba kilichobaki kujifunza duniani ni kidogo sana. Leo ni mkuu wa karakana kwenye shamba kubwa la mahindi. Ana ovaroli ya buluu isiyojua doa, na ukimuuliza swali lolote lazima aanze na neno "kitaalamu". Kitaalamu, trekta haiwaki kwa sababu haina mafuta. Kitaalamu, tairi limepasuka. Mimi ni mdogo wake, natunza stoo ya shamba hilohilo, na hiyo kitaalamu yake nimelishwa asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mmoja.

Msinione nina roho mbaya. Kazi ya stoo ni yeye aliyenitafutia, na haupiti mwezi bila kunikumbusha.

Ukitaka kumjua vizuri, nenda sebuleni kwake. Makochi yana nailoni ya dukani mpaka leo. Ukikaa siku ya joto, unainuka nayo imekung'ang'ania miguuni. Rimoti ya televisheni inaishi ndani ya mfuko wa plastiki, na ukitaka kuongeza sauti unabonyeza kwa nguvu mpaka kidole kinauma. Kuna seti ya vikombe ambayo wifi yangu aliinunua mwenyewe na hajawahi kuinywea. Siku moja alithubutu kuitoa kwa ajili yangu. Kaka akaingia, akaganda mlangoni, akatutolea macho.

"Hivyo ni vya wageni," alisema.

"Na dada yako ni nani?" wifi akamuuliza.

"Huyu? Huyu ni mtu wa nyumbani."

Basi mtu wa nyumbani akamiminiwa chai yake kwenye kikombe cha plastiki kilichopasuka mkono, huku vile vya wageni vikirudishwa kabatini kimoja kimoja. Wifi alinikonyeza tukacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Haya ya nyumbani yangebaki nyumbani, ningeyasimulia kama kichekesho na kuishia hapo. Shida ni kwamba kaka aliyachukua akaenda nayo kazini.

Pale karakana kulikuwa na mtu tukimwita Kimya, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kazi yake ilikuwa grisi. Kombaini yetu, ile mashine kubwa ya kuvunia, ina nipeli hamsini na mbili, vile vichuchu vya chuma vya kuingizia grisi kwenye beringi, na msimu wa mavuno kila moja lazima ipewe chake kila asubuhi. Pampu ya mkono inataka mikono miwili ya kuisukuma na wa tatu wa kushikilia mpira usichomoke kwenye nipeli. Kimya alizaliwa na miwili kama sisi wengine, kwa hiyo wa tatu aliutengeneza kwa goti, kwa kifua, wakati mwingine kwa kidevu. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, nusu ya muda amelala chali chini ya mashine, vumbi la mahindi likimwingia machoni.

Bega la kulia likaanza kulalamika. Baadaye likaacha kulalamika, likaanza kukataa. Kliniki walimpiga picha wakamwandikia barua: akiendelea kusukuma pampu ile, mkono utakufa. Na mkono wake ukifa, kazi imekwenda, kwa sababu hakuwa na nyingine aliyoijua, na nyumbani kuna mke na mabinti watatu wanaomtazama yeye.

Mwenye shamba ni mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Aliisoma barua ile amesimama, akaikunja, akaitia mkobani. Baada ya wiki mbili likashushwa boksi la zana za betri: drili, grenda, mashine ya kufungulia nati, na juu yake pampu ya grisi, nyekundu, ambayo unaifyatua kwa kidole kimoja nayo inasukuma yenyewe.

"Hii ni kwa ajili ya bega la Kimya," mama alisema mbele yetu sote. Nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio haya. Kisha akapanda gari lake akaondoka.

Vumbi la gari halijatua, Injinia alikuwa ameshaipakata ile pampu. Akaipangusa kwa kitambaa, ijapokuwa haikuwa na kitu cha kupanguswa. Akaiweka kwenye kabati la chuma, akafunga kufuli, ufunguo akautia kwenye uzi akauvaa shingoni.

"Kaka, si amesema ni ya Kimya?" nilimuuliza.

"Ni ya Kimya. Nani kakataa? Ila kitaalamu hawezi kupewa hivihivi. Lazima afunzwe kwanza."

Akamfunza. Ijumaa tatu mfululizo alimkalisha Kimya kwenye benchi akamsomea kijitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa lugha ambayo hata yeye mwalimu alikuwa anaiotea. Picha alizieleza kwa kijiti. Pampu yenyewe ilikaa mezani katikati yao. Ijumaa ya pili Kimya akanyoosha kidole.

"Bosi, kwa hiyo nabonyeza hapa?"

"Usiguse!"

Ijumaa ya nne hakukuwa na somo, maana mwalimu alikuwa ameishiwa. Kimya akaambiwa asubiri mtihani, tarehe itatangazwa. Haijatangazwa hadi leo.

Pampu, kwa upande wake, ililelewa kama mtoto wa kwanza. Kila asubuhi kabati lilifunguliwa, betri ikawekwa kwenye chaja, kaka akaketi kuisubiri taa ya kijani. Ikiwaka, anaichomoa, anaipangusa, anairudisha, anafunga. Wakija wageni kutoka mashamba ya jirani, inatolewa, inafyatuliwa hewani, vrrr, wageni wanatikisa vichwa. "Hapa kwetu mambo ya mikono tumeshaachana nayo," aliwaambia. Na nyuma ya kombaini, hatua kumi tu kutoka waliposimama, ulikuwa unamsikia Kimya akiguna kila anaposukuma. Niliona haya kwa niaba ya kaka. Yeye mwenyewe haya hana, labda nazo amezifungia mahali zisichakae.

Halafu kulikuwa na fomu. Fomu iliyotundikwa ukutani iliandikwa: Kombaini, nipeli 52, kwa pampu ya betri. Kila siku alama ya vema, kila siku sahihi ya Injinia, yenye mkia mrefu unaopinda mara mbili. Kwenye rafu yangu stoo kulikuwa na katoni ya tyubu za grisi zinazotumika kwenye pampu ile ya betri tu. Nilipita mbele yake kila siku. Gundi ya katoni haikuwahi kubanduliwa.

Nilimwambia mara moja. "Kaka, ile katoni haijafunguliwa hata."

"Unataka kunifundisha kazi? Kwani hapa nani alikuleta?"

Nikafyata ulimi. Niliufyata misimu miwili.

Mwanzo wa msimu wa pili Kimya alikuja akasimama mlangoni mwa karakana, kofia mkononi. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Bosi, ile nipeli ya juu kabisa, ya nyuma, siifikii tena. Mkono haupandi. Naomba ile mashine, hata kwa hiyo moja tu."

"Wewe jitahidi. Shida yako unajionea huruma sana."

Akaondoka kwenda kujitahidi. Kaka akageukia ukuta akaweka vema.

Wiki ya tatu ya mavuno, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na nusu ya mahindi bado yamesimama shambani. Asubuhi hiyo dereva wa kombaini aliruka chini akipiga kelele, "Moshi! Moshi!" Beringi ya juu, ya nyuma, ilikuwa imekauka kama mfupa, ikapata moto, ikasagika, mkanda wake nao ukaungua ukakatika. Kombaini ikasimama katikati ya shamba. Kabla jua halijafika utosini, mama alikuwa ameshafika.

"Grisi ni ya nani hapa?" aliuliza.

Injinia alikuwa ameshajitokeza na faili kwapani. "Kitaalamu, mama, huu ni uzembe. Zana tumempa. Mafunzo nimempa mimi mwenyewe. Fomu hizi hapa, kila siku, hakuna iliyorukwa. Sasa mtu mzima akiamua kuzembea, mimi nifanyeje?"

Mama akamgeukia Kimya. "Ni kweli?"

Kimya alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta maneno, na najua aliyatafuta kwa sababu nilisimama karibu naye. Yakapatikana mawili.

"Sikuifikia, mama."

"Umepewa mashine, bado hukuifikia?"

Mama akapumua kwa nguvu. "Basi kusanya vitu vyako. Kesho uje ofisini tumalizane."

Ningependa kusema kwamba hapo nilisimama kidete. Uongo. Niligeuka nikaenda zangu stoo, na nia yangu ilikuwa kujifungia humo mpaka mambo yapoe. Pale ndani nikakutana uso kwa uso na ile katoni. Sijui nini kilinishika. Nadhani ni hasira, tena si ya siku hiyo tu. Niliibeba, nikatoka nayo, nikaibwaga juu ya boneti ya gari la mama.

"Hii ndiyo grisi ya pampu ya betri," nilisema. "Tangu ije hatujapokea nyingine."

Mama akapitisha kidole gumba juu ya gundi, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Leteni hiyo pampu."

Injinia alitafuta ufunguo kwenye mifuko yake yote, ya mbele na ya nyuma, ilhali ulikuwa unamning'inia kifuani tunauona wote. Pampu ilipoletwa, mama mwenyewe aliufungua mtungi wake wa kutilia grisi. Ndani palikuwa pakavu, panang'aa, bado pananukia rangi ya kiwandani. Kwenye mpini kulikuwa na kile kikaratasi cha nailoni ambacho watu huondoa siku ya kwanza.

"Misimu miwili?" mama aliuliza.

"Mama, nilikuwa naitunza," kaka akajibu.

Alikuwa anaitunza! Alisema hivyo bila aibu, kifua mbele, akitegemea kabisa kupongezwa. Mtu mzima mwenye akili zake amekaa miaka miwili akikilinda kipande cha chuma kisichafuke, huku binadamu anachakaa mbele ya macho yake, na bado anaona amefanya kazi nzuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kaka yangu si hata mwizi, maana mwizi angalau hukitumia alichoiba.

"Kimya," mama alisema, "kazi yako ipo palepale. Shika, hii ni yako."

Beringi mpya na mkanda vilifika mchana ule kutoka mjini, vikafungwa. Ikabaki grisi. Kimya akaichukua pampu nyekundu kwa mkono wa kushoto, akaupima uzito wake, akatabasamu kidogo. Akapanda ngazi. Mkono wa kulia ulitakiwa tu kuupeleka mpira kwenye nipeli, basi. Ukainuka hadi kifuani, ukaanza kutetemeka, ukasimama. Akajaribu kukisukuma kiwiko kwa goti. Ukashuka. Akajaribu tena, jasho likimtiririka, na sisi wote chini tumemkodolea macho.

"Ni nzuri," alisema mwishowe. "Mwaka juzi ningeiweza."

"Mnaona?" Injinia alisema nyuma yetu. "Kitaalamu, nilijua hataiweza."

Mimi nilipanda ngazi nyingine kando yake, nikaushika ule mpira nikaubana kwenye nipeli, Kimya akafyatua kwa kushoto. Pampu ikalia kidogo, grisi ikachungulia ukingoni mwa beringi. "Basi, imejaa," akasema. Zilikuwa sekunde sita, labda saba. Tulizimaliza zote hamsini na mbili kabla chai ya jioni haijaletwa. Kwa mkono, aliniambia, zilimchukua saa tatu.

Baadaye hospitali walisema msuli wa bega umekatika na umejivuta ndani, hauungiki tena. Kimya aliumaliza msimu, mimi nikimshikia mpira kila asubuhi, kisha akaaga kwa kupeana mkono wa kushoto. Injinia bado ni mkuu wa karakana, kwa kuwa mama hajapata mwingine. Wageni siku hizi anawaonyesha chaja.

Na ni rahisi kumcheka. Naweza kumcheka mpaka mbavu zinivunjike, na mmeona ninavyomcheka. Lakini mtunza stoo yeyote atakuambia kwamba kila kufuli ya karakana ina ufunguo wa akiba, na funguo za akiba hukaa stoo. Wa kabati lile ulikuwa kwenye msumari juu ya meza yangu, na nambari yake niliiandika mimi.