Dashibodi ya Kijapani Ndani ya Landrova

Nichekeni, lakini mkimaliza mnisifu. Ni mimi, fundi wa Nzuguni, niliyeipa Landrova kuukuu giaboksi na dashibodi za gari la Kijapani, na vyote vikakubali. Mwenye gari, Mama Sefu, mfanyabiashara wa mahindi, akapanda tuijaribu hadi Kibaigwa. Njiani ikazima. Mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa, basi nikafungua pampu, nikafungua plagi, nikatambaa uvunguni hadi shati likabadilika rangi.

"Fundi, mafuta yapo kweli?"

"Mama, itazame dashibodi! Kazi yangu haidanganyi."

Akavunja bua la mtama kando ya barabara, akalitumbukiza kwenye tangi. Likatoka kavu.

"Haya fundi, iambie hiyo dashibodi yako ishuke isukume."