Shamba Halikodishwi kwa Mshahara wa Ubaoni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilirudi nyumbani nikiimba. Nilikuwa na umri wako, mwanangu, na nilitoka ukumbini, ambako bwana mmoja wa Mbarara alikuwa akitufundisha ukalimani wa kujitegemea. Ada alikwisha kututoza. Alichukua malipo ya siku moja ya mkalimani mzoefu, akayazidisha kwa siku zote za mwezi, akaandika jibu ubaoni: "Huu ndio mshahara wenu wa kwanza." Hata Jumapili alizihesabu! Nasi tukapiga makofi.

Nikamwomba mama tukodishe shamba msimu mmoja, ninunue simu na viatu vya kwendea kwa wageni wa kuwatafsiria. Alikuwa anachambua maharage ya mbegu, wala hakuinua kichwa aliponiuliza kwa Kiswahili cha kule tulikotoka:

"Hiyo feza umeisha kuiona na macho, ao iko ku ubao tu?"

Akakataa katakata, nami nikanuna. Rafiki yangu Nabintu, mama wa watoto wawili, tuliyekuwa naye ukumbini, alimkodishia jirani shamba lake ili anunue simu.

Mwezi ule nilipata kazi ya siku moja. Moja! Mgeni alikuja kuuliza habari za visima. Nilipotoa nauli ya kufuata malipo Mbarara, ikabaki pesa ya sabuni na chumvi tu. Tulikula maharage ya mama. Na Nabintu? Mvua iliponyesha nilimkuta na mtoto mgongoni, anapalilia kwa kibarua shamba lake mwenyewe, jirani amesimama anamwonyesha magugu aliyoyaruka. Hadi leo nikikumbuka nachemka.

Baadaye nilikutana na yule bwana kule Kakiika, Mbarara, nikamuuliza yeye alipata kazi ngapi mwezi wake wa kwanza. Akacheka. "Mimi si mkalimani, dada. Kazi yangu ni kufundisha." Hebu sikia hayo!

Na jana uliniambia amekuja mwalimu mwingine, anafundisha tafsiri za mtandaoni, na eti mwezi wa kwanza tu utampita mwalimu wa shule kwa mshahara. Unataka tukodishe shamba lile lile, ununue kompyuta. Mwanangu, hasira yangu si kwako. Kazi yenyewe ni nzuri, ndiyo iliyokusomesha, ila ilipita misimu mingi kabla wateja hawajanizoea. Basi muulize anayeifanya, siyo anayeifundisha, tena muulize mwezi wake mbaya, siyo siku yake nzuri. Anza na kompyuta ya kukodi pale senta, madukani. Kipato cha mwanzo kikitosha bando la intaneti na sabuni, shukuru, wala usijione mjinga. Wateja wakianza kurudi wenyewe, pandisha bei bila aibu.

Lakini shamba la bibi yako halikodishwi. Asubuhi tutalima sote wawili, mchana uende kutafsiri.

Mungu akupe wateja wanaolipa na wanaorudi, mwanangu, na asikuonyeshe siku ya kupalilia kwa kibarua shamba lako mwenyewe.