Kitabu Ndani ya Bakuli

Nilimrudishia jirani bakuli lake na kitabu ndani yake. Najua. Kwetu Kibondo bakuli halirudi tupu. Aliyekuletea maharage, mtilie hata ndizi mbili. Lakini ndizi zilikuwa shambani, mimi nilikuwa kitini, na katikati kulikuwa na jua. Kitabu kilikuwa karibu. Muuza mitumba wa Kasulu alinipa kama nyongeza ya koti. Kilikuwa cha Kiingereza, nami kwa elimu yangu ya kidato cha nne nilikuwa nakichana kuwashia mkaa.

Jirani huuza karanga mbele ya nyumba yake. Akashukuru, akaanza kukichana naye, afungie karanga.

Kesho yake, mkaa ukisuasua, nikasoma kurasa chache nilizokuwa nimezichana zikabaki jikoni. Mwandishi, mzee wa enzi za mishumaa, alikuwa anasimulia alivyojificha nyuma ya pazia mgeni alipobisha hodi. Hakujitetea. Alijisema mwenyewe taratibu, kwa raha zake, mpaka vumbi la pazia lilivyomwasha puani. Nilicheka peke yangu kama chizi. Miaka yote nilidhani Waingereza wa vitabuni ni walimu wa zamu, kumbe yupo mvivu mwenzangu. Basi mgeni akavuta kiti, akakaa kumsubiri. Ukurasa ukaishia hapo.

Kuomba kitu kilichorudi na bakuli ni aibu. Ila nilitaka kujua huyo mzee alitokaje. Mimi nisiyetoka nikaenda kukaa kwenye benchi la jirani, nikala karanga. Karatasi ya kwanza ilihusu viatu vya kubana. Ya pili, mvua. Ya tatu, viatu tena.

"Una minyoo?" jirani akauliza nilipoomba ya sita.

Ya saba ndiyo yenyewe. Mgeni hakuondoka. Chai ikaletwa, ikanukia, na mzee, uzalendo ukamshinda, akatoa mkono nyuma ya pazia kuomba kikombe chake. Nikawatafsiria wateja wawili waliokuwa pale, Kiswahili kikiniishia naingiza Kiha. Mmoja akacheka mpaka karanga zikamwagika. Sijawahi kufurahia kitu cha shule namna ile.

Jirani peke yake hakucheka. Alikunja karatasi nyingine, akaijaza, akasema:

"Huyo mzungu wako hana jipya. Mimi nikibisha hodi kwako, miguu yako naionaga chini ya pazia."