Michembe ya Masanja

Namshukuru Mungu kwa uhai, ingawa aibu hii bado inanichoma. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kharumwa. Nesi alitufundisha kwamba viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina faida kwa mapafu. Nikamtangazia Masanja, mchimbaji anayevuta sigara mno, kwamba michembe, yaani vipande vikavu vya viazi hivyo, itamsafisha kifua. Kuacha sigara sikumtajia.

Juzi alikohoa damu, nikamsindikiza hospitali.

“Sigara umeacha lini?” daktari aliuliza.

“Sijaacha. Natafuna michembe.”

“Baba, chakula hakifuti moshi! Nani alikudanganya?”

Niliinamisha kichwa kama ninayesali. Masanja akanigeukia kwa heshima zote. “Mweleze, mzee. Wewe unafundisha vizuri.”