Nilimkaripia Mchumba Wangu kwa Sababu ya Bledi

Admin, nifichie jina, maana mji huu tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa milango, nina kibanda changu Kashaulili hapa Mpanda. Nimeumia kweli, na aliyeniumiza ni mimi mwenyewe. Wenye kutukana karibuni, ila mkimaliza mnishauri.

Nilikuwa na mchumba, nimuite Sesilia, binti wa Kasokola. Barua ya posa ilishapokelewa, tunasubiri kupangiwa siku ya mahari. Baba yake, ambaye ujanani alikuwa seremala, akaniita nimkatie sehemu ya fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa. Nikajua mzee anataka kuuona mkono wangu. Nikabeba ile mashine ndogo ambayo bledi yake haizunguki, inatikisika kushoto na kulia kwa kasi. Nikavaa na fulana mpya, si mnajua tena mambo ya ukweni.

Kwa ubahili wangu nilibeba bledi za mbao tupu. Kumbe fremu ni mninga mkongwe, ndani imejaa misumari, ilitaka bledi ya mbao na chuma. Nikaweka spidi ya mwisho, nikakandamiza. Ikagusa msumari, meno yakaisha, moshi ukaanza. Badala ya kuacha nikazidi kukandamiza, maana mzee ananiangalia. Sesilia, aliyekuwa amenishikia fremu, akasema taratibu, "Ipumzishe kwanza, inaungua hiyo."

Nikamkaripia, "Nyamaza! Wewe unajua nini?" Bledi ikakatika palepale.

Mzee hakugomba. Aliokota kipande, kimekuwa cha bluu kwa moto. "Mwanangu, hii umeiua wewe. Jua kwanza mti una nini ndani, ndipo uchague bledi. Halafu spidi ya wastani, usiilalie, uwe unairudisha nyuma itoe vumbi na ipoe. Ukifanya hivyo, bledi moja ingekufikisha mbali." Akasema nirudi kesho na bledi inayofaa. Nikarudi, nikafuata alivyosema, kazi ikaisha vizuri, na ugali nikala.

Wiki hiyohiyo mshenga wangu akarudishiwa barua ya posa. Nyie, nililia! Nikapanda bodaboda mpaka Kasokola, nikapiga magoti. "Baba, nisamehe kwa ile fremu."

Akanishika bega. "Kijana, fremu imesimama vizuri. Mimi nilishakukubali. Aliyerudisha barua ni Sesilia mwenyewe."

Sesilia akatoka ndani, hata hakukaa. "Ulikuwa unaninyamazisha kwenye simu, nikasema ana mawazo. Ukaninyamazisha sokoni, nikasema amechoka. Sasa mbele ya baba yangu. Nikishakuwa kwako je?"

Yote ni kweli, na mengine hakuyataja.

Nampenda sana. Tangu siku ile sijamkaripia mtu, ila sijui kama nimebadilika au ni maumivu tu. Mama anasema nitume wazee wakambembeleze. Lakini nikituma wazee, si nitakuwa namlazimisha? Nikikaa kimya, atapata mwingine. Dada zangu, semeni nyie hasa: mwanaume aliyekunyamazisha hivyo, ungependa arudi kuomba msamaha, au akuache uishi kwa amani? Nishaurini jamani, nifanyeje? Chochote mtakachosema nitakisoma, safari hii nitasikiliza.