Pipi Moja, Mkono wa Kulia

Nilikuwa ndani ya eda, mume wangu hajatimiza hata miezi miwili kaburini, binti yangu mkubwa aliposhuka ngazi akiwa amejifunika shuka jeupe gubigubi.

"Mimi ni mzuka, Mama," aliniambia kwa Kiingereza.

Nililivuta shuka lile kwa nguvu hadi akayumba. Mara ya mwisho kuona nguo nyeupe namna ile ilikuwa sanda ya baba yake, na sikuweza kuiona tena ikitembea sebuleni kwangu, pale Handsworth, Uingereza. Akalia. Mdogo wake wa miaka minne naye akalia kwa kumfuata.

Ningemkatalia, yakaisha. Lakini mtoto huyu wa miaka saba alikuwa hajaniomba kitu chochote tangu msiba. Mwalimu wake alisema darasani hafungui mdomo. Nyumbani alikula huku akitazama ukuta. Sasa ameomba jambo moja tu: jioni hiyo ya Halowini, watoto wa huku wanapojivika mizuka, akagonge milango ya watu kama wenzake, apewe pipi. Kina mama wa kwetu Unguja waliokuwa wakiniletea chakula walishamaliza zamu zao, kila mmoja amerudi kwenye kazi na watoto wake. Sikuwa na wa kumtuma. Eda au si eda, nikavaa baibui, nikawavisha makoti, tukatoka.

Magharibi ilikwishaingia na barabara imejaa watoto waliovaa mafuvu na pembe. Nikawasimamisha wangu chini ya taa. Kwetu mtoto anayepita nyumba za watu kuomba cha kula huitwa mdoezi, na anayesemwa ni mama yake.

"Mnagonga, mnasubiri. Mnasalimia kwanza. Hamchungulii ndani. Mnapokea kwa mkono wa kulia, pipi moja, halafu mnasema asante. Mmesikia?"

"Lakini leo inaruhusiwa, Mama," alisema mkubwa.

"Hata kama inaruhusiwa!"

Nilisema kwa ukali usiohitajika. Usingizi ulikuwa haunijii, nyumba imenishinda. Adabu hizi ndizo pekee nilizokuwa bado na hakika nazo.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyeshika bakuli la chokoleti. Mimi nilibaki getini. Akamtazama binti yangu, koti tupu, bila kinyago.

"Na wewe umevaa kama nani?"

"Sikuvaa kama mtu yeyote," alijibu. "Baba yangu amekufa."

Sikuwahi kumsikia akilitamka. Bibi wa watu alibabaika, akalisogeza bakuli mbele. "Chukueni, chukueni zote." Mkubwa akachukua moja, kwa mkono wa kulia. Mdogo akatumbukiza mikono yote miwili.

Nilikimbia hadi mlangoni nikampiga kofi mkononi. "Moja! Nimesema moja!" Chokoleti zikatawanyika, mtoto akapiga ukelele, na mimi kilio nilichokizuia tangu siku ya mazishi kikanitoka mbele ya mtu nisiyemjua.

Yule bibi aliweka bakuli chini, akanishika bega, akanikalisha kwenye kizingiti chake, naye akasimama pale katika baridi na ndara zake za nyumbani. Watoto wengine walifika getini, wakatuona, wakageuka.

Nilipotulia mkubwa aliniuliza, "Tuendelee?"

Nirudi nyumbani kufanya nini? Nikamwambia twende.

Tulizunguka mtaa mzima. Sikuwafunza tena neno. Nilisimama kwenye mageti, nimeegemea kuta za watu, nikimsikia binti yangu akisalimia vizuri, akisubiri, kisha akiwaambia wote, mlango kwa mlango, kwamba baba yake amekufa. Bakuli likisogezwa mbele, anachukua moja, anasema asante, anamshika mdogo wake mkono, wanakwenda kugonga nyumba inayofuata.