Sahani ya Tatu ya Padre Anselmi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako. Mimi niliishia darasa la nne, kuzungushazungusha maneno sijui. Harufu ya utoto wangu ni ya maganda ya mkonge yanayooza nyuma ya mashine, uchachu mkali unaokaa kwenye nguo hata uzifue mara ngapi. Tuliishi kambi ya mkonge, njia ya kwenda Pangani. Nilikuwa na miaka kumi na wala sikukalika. Mkataba wa baba ulikuwa umekwisha, na Jumatatu lori lingetupeleka Amani kwenye mashamba ya chai. Jumapili, siku moja tu kabla, ndipo ningepokea Komunyo ya Kwanza. Nikiikosa, huko Amani ningeanza mafundisho upya na watoto wadogo. Gauni langu la bafta nyeupe lilining'inia ukutani, kila nikipita naligusa, hadi mama akanipiga mkono: "Utalitia weusi hata Mungu hajaliona!"

Padre Anselmi alikuwa na wiki tatu tu parokiani. Alitoka bara, kwenye baridi, mrefu, mwenye haya, na kila alichoshika kilimponyoka. Ubatizo wake wa kwanza alimwagia maji mama wa ubatizo, mtoto akabaki mkavu. Baiskeli ilimtupa mtaroni mara mbili. Lakini kilichomwangusha hasa ni sahani. Kwetu mgeni hula akabakiza kidogo, ndiyo adabu. Sahani ikiwa tupu, mwenyeji anajua mgeni bado ana njaa, anaongeza upesi asiaibike. Kwao Padre, kumbe, kubakiza ni kumtukana mpishi. Haya, waketishe watu hao jamvi moja uone.

Jumamosi alizunguka nyumba tano, za sisi watoto tutakaopokea, kuzibariki. Kwetu alifika mwisho. Mama alikuwa amepika bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa nazi, mimi nikawekwa kupakua. Padre akala, akamaliza, akapangusa mchuzi kwa kidole. Mama alikuwa nyuma ya pazia, akanitolea macho. Nikaongeza. Akamaliza. Macho yakatoka tena. Nilipoinama na upawa niliona jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Akaninong'oneza, "Mwanangu, nimeshiba." Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Nikatazama pazia, nikatia sahani ya tatu. Aliondoka akiikokota baiskeli, maana kuipanda hakuweza.

Asubuhi tulisimama mbele ya kanisa la mabati, jua linapanda, Padre haonekani. Tangu jana sikutia kitu kinywani, maana Komunyo hupokewa kwa kufunga, nikawa nahama mguu huu kwenda huu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Katekista alikwenda kutazama, akarudi anahema. "Hainuki. Ni tumbo. Misa hakuna, rudini majumbani."

Wanawake wakaanza. "Labda kala kitu kibaya huko alikotoka."

"Kwangu alikula sahani mbili za wali, tena kwa furaha!"

"Mbili? Kwangu tatu, shoga, na mihogo juu!"

Walikuwa wakijisifu hivyo, mpaka mmoja akaanza kukunja vidole, nyumba kwa nyumba. Mama akanitazama, na safari hii macho hayakutoka, yaliinama. Husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku ile mwenye njaa nilikuwa mimi, na mwenye shibe alikuwa anakufa nayo.

Nilikimbia hadi nyumbani kwa Padre. Alikuwa kalala kwenye mkeka, vifungo vya kanzu wazi, beseni pembeni.

"Shikamoo Padre."

"Marahaba," akauambia ukuta.

"Jana ulisema umeshiba, nikasikia, nikaongeza. Niliogopa macho ya mama. Na kesho tunahama."

Akageuka taratibu. "Nyumba zote mnaongeza hivi?"

"Ukimaliza, ndiyo. Ungebakiza kidogo tu tungeacha."

"Wiki tatu," akasema, "na hakuna mtu mzima aliyeniambia."

"Hukuuliza, Padre."

Akacheka, akashika tumbo, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. "Nivute mkono."

Watu walikuwa hawajatawanyika, akaisoma Misa akiegemea altare. Mahubiri yalikuwa haya tu: "Wanangu, kuuliza si ujinga. Amina." Nikapokea. Safari hii hakuangusha kitu. Kesho yake tukapanda lori, na Padre sikumwona tena.

Siku hizi niko mjini, mtaa wa Mabawa. Mapadre wanakuja na gari, wanapima sukari kabla ya kula, na chakula chenyewe hakitoki kwenye shamba la nyuma ya nyumba. Nilidhani ile hofu yetu ya sahani tupu ilibaki kule kwenye mkonge. Basi mwezi uliopita alitutembelea padre kijana, mjukuu wangu wa kike akampakulia. Mgeni akasema, "Asante, nimeshiba." Binti akasita na upawa mkononi, akatazama mlangoni nilipokaa, kisha akamjazia sahani. Nikajiuliza kimemtisha nini mtoto huyu. Nilikuwa nimemtolea macho mimi.

Mgeni alipokwisha kuondoka nikawaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo. Nikawaambia: "Mgeni akisema ameshiba, funikeni sufuria. Hata mimi nikiwatolea macho, funikeni."